Kidhibiti Kinajua Nini Kuhusu Vidole vya Mkunga?

Mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa anapaswa kuanza kupuliziwa hewa kabla sekunde 60 hazijaisha. Wakunga huuita muda huo dakika ya dhahabu. Katika zahanati za pembezoni, zikiwamo zinazohudumia vijiji vya Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, muuguzi anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na mtoto wa namna hiyo, kisha akampokea usiku, akiwa peke yake. Mikono yake inahitaji mazoezi ya mara kwa mara, na hospitali ya rufaa ya Bugando iko mbali, Mwanza.

Ndiyo maana mafunzo kwa uhalisia pepe yanavutia. Lusaka, Zambia, madaktari wamefanya mazoezi ya upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi kwa miwani na vidhibiti vya mkononi. Kenya na Nigeria, wauguzi na wakunga wamejifunza kumsaidia mtoto kupumua kwa programu ya eHBB, inayotumia simu iliyochomekwa kwenye miwani. Kabla vifaa hivi havijafika Benaco, wilayani Ngara, tunapaswa kujua vinaona nini na haviwezi kuona nini.

Mahali mkono ulipo, kidhibiti hupajua vizuri. Katika aina nyingi, taa ndogo za infraredi zisizoonekana kwa macho hufuatiliwa na kamera, na vihisi vya ndani hupima mwendo na mzunguko. Ukiinua mkono, mkono wa kwenye picha nao unainuka. Vidole ni kazi ngumu zaidi.

Njia iliyozoeleka hutumia umeme, kama kioo cha simu. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, hivyo kidole kinapokaribia kipande cha chuma kilichofichwa chini ya plastiki, kiasi cha chaji kinachohifadhiwa hapo hubadilika na saketi huhisi badiliko hilo. Vidhibiti vya Oculus Touch, vilivyotoka mwaka 2016, vilitumia mbinu hii kwenye vitufe na kifyatulio. Kidole cha shahada kikiachia kifyatulio, programu huchora kidole kinachonyooshwa kuonyesha kitu. Mwaka 2019 vidhibiti vya Valve Index vilikuja na vihisi 87 kila kimoja, baadhi vikifuatilia vidole kwenye mpini. Mkanda hukishikilia kidhibiti mkononi, kwa hiyo mtu anaweza kufumbua kiganja chote bila kukiangusha.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya tunachokiona kwenye miwani ni makisio. Kihisi hupima kidole kiko karibu kiasi gani na mpini. Hakipimi pembe ya kila kiungo. Ni kama kondakta anayeona kiti kitupu: anajua abiria ameshuka, lakini hajui ameshika njia gani. Programu hujaza pengo hilo kwa kuchora mkao wa kawaida wa mkono wa binadamu. Ukubwa wa kiganja, jasho na glavu navyo hubadilisha kipimo.

Kwa mchezo wa kurusha mpira, makisio hayo yanatosha. Kwa mkunga, mambo ni tofauti. Mtazame anapomshughulikia mtoto: kidole gumba na cha shahada vinabana barakoa juu ya mdomo na pua, cha kati kinainua kidevu, na mkono wa pili unaminya ambu, mfuko wa kupulizia hewa, kwa mwendo wa pumzi 40 kwa dakika. Barakoa ikikaa upande kidogo tu, hewa inavuja pembeni na kifua hakiinuki. Kosa hilo la ncha ya kidole kidhibiti hakilioni. Mpini wa plastiki hauna kidevu cha kuinua wala ukingo wa barakoa wa kuziba.

Wengine watasema tuache vidhibiti. Glavu zenye vihisi zipo tangu zamani: DataGlove ya kampuni ya VPL ilianza kuuzwa mwaka 1987, na Power Glove ya Mattel ikafuata mwaka 1989. Mwishoni mwa 2019, miwani ya Oculus Quest ilipata uwezo wa kufuatilia vidole kwa kamera pekee. Lakini kamera haioni kidole kilichojificha nyuma ya kiganja, na mkono mtupu haushiki chochote.

Kuhusu mazoezi ya mikono, Tanzania ina ushahidi wake. Mpango wa mafunzo wa Helping Babies Breathe ulipopimwa katika hospitali 8 nchini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyochapishwa mwaka 2013. Vifaa vyake vilikuwa mwanasesere, barakoa na ambu. Baadaye mpango wa Safer Births ulipeleka mazoezi mafupi ya mara kwa mara katika vituo 30 vya kutolea huduma za afya vya mikoa mitano, ukiwamo Geita, jirani wa Kagera.

Kwa hiyo tugawe kazi. Miwani ifundishe mpangilio wa hatua, kuangalia saa, kufanya uamuzi na kuita msaada. Hayo programu inaweza kuyapima. Mwanasesere abaki mwalimu wa ncha za vidole. Atakayekuja kuuza mfumo wa mafunzo Kagera aulizwe wazi: alama anazopewa mkunga zinatokana na kilichopimwa au kilichokisiwa?

Benaco inaijua dharura. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda mfupi sana wakikimbia Rwanda, na kambi ikaota hapo. Mahali penye historia hiyo panastahili wahudumu wenye mikono iliyofundishwa kwelikweli. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, zahanati inunue mwanasesere kwanza.