Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kutoa Fedha

Vijiji vingi siku hizi vina gari moja au mawili ya kutegemewa. Huenda ni Land Cruiser ya kikundi, au Land Rover kuukuu ya mwenye duka. Gari hilo hubeba mahindi kwenda mnadani. Usiku hubeba wagonjwa. Likilala, kijiji kizima kimelala. Na mara nyingi kinacholilaza si injini. Ni tairi.

Mwaka 2021 nilipanda gari la kikundi chetu kwenda mjini. Nyuma alikuwapo mama mjamzito, uchungu umeshaanza. Alifuatana na mama mkwe wake na mkunga wa jadi. Matairi yalikuwa na wiki mbili tu tangu yanunuliwe. Yalikuwa ya mtumba, lakini meno yake yalikuwa marefu, meusi, yanang'aa. Sote tuliyasifu. Saa nane mchana, jua kali, tairi la nyuma likapasuka kwa mshindo kama bunduki. Tukashusha spea. Lilikuwa kipara, tena halina upepo. Yule mama alijifungua chini ya mti, kanga za wenzake zikiwa ndiyo ukuta. Tunashukuru, yeye na mtoto walikuwa wazima. Lakini tulikaa pale mpaka jua linazama.

Kesho yake fundi wa pancha alilishika lile tairi, akalizungusha, akatuonyesha tarakimu nne ndogo ubavuni: 1409. Akauliza, "Hamkusoma hapa?" Hakuna aliyesoma. Kumbe zile tarakimu ndizo tarehe ya kuzaliwa ya tairi. 14 ni wiki ya kumi na nne, na 09 ni mwaka 2009. Tairi letu "zuri" lilikuwa na umri wa miaka 12.

Basi tuanzie hapo hapo, kwenye umri, maana ndipo wengi tunapoumia.

Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua, joto na hewa huukausha, ukawa mgumu, ukaanza kupata nyufa ndogo ndogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Nyufa nyingine zimo ndani, huzioni. Kwa hiyo meno marefu si ushahidi kwamba tairi ni zima. Huenda limekaa ghalani miaka kumi. Na kule kung'aa? Wako wauzaji wanaopaka rangi nyeusi kama unavyopaka kiatu.

Tafuta herufi DOT ubavuni. Baada yake kuna mfuatano wa herufi na tarakimu. Angalia tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2224, tairi limetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2024. Mara nyingi tarehe imeandikwa ubavu mmoja tu, basi usipoiona, mwambie muuzaji aligeuze tairi. Akikataa, nenda duka jingine. Ukikuta tarakimu tatu tu mahali pa nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, hata kukaa chini yake kivulini usikae. Watengenezaji wengi wanasema tairi likipita miaka kumi litolewe, hata kama meno yapo. Likipita miaka mitano, fundi alikague kila mwaka. Spea nalo huhesabiwa umri vile vile.

Haya, tusome namba kubwa sasa. Kwenye tairi la Land Cruiser unaweza kukuta 235/85R16. Namba 235 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 85 ina maana kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana huo, yaani karibu milimita 200. Namba 16 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Magari mengine ya zamani yana 7.50R16, ambapo 7.50 ni upana kwa inchi. Kipimo kinachofaa gari lako kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa dereva. Kinakili. Usiende dukani na kumbukumbu ya kichwani.

Herufi R nayo ina kazi. Inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Tairi la R nyuzi zake zimekatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na chini ya meno kuna mkanda wa waya. Fundi wa katambuga analijua tairi hili vizuri, maana waya ule unamsumbua kisu. Tairi la namna ya zamani huandikwa mkwaju mdogo, 7.50-16, na nyuzi zake zimepishana mshazari. Tairi la R hupata joto kidogo na meno yake hudumu zaidi. La zamani lina ubavu mgumu dhidi ya mawe. Kwa gari linalokwenda mbali, mimi nachagua R. Ila usichanganye R na lisilo R katika gari moja.

Tena, kama gari lenu huvuta kwa magurudumu yote manne, lile tunaloliita fowili, matairi yote yawe ya kipimo kimoja na yasipitane sana kwa kulika. Moja likiwa dogo, huzunguka mara nyingi kuliko wenzake, na mzigo wa ugomvi huo hubebwa na gia na difu. Difu ni ghali kuliko tairi.

Baada ya kipimo kuna namba ya mzigo. Namba 100 ina maana tairi moja hubeba kilo 800. Namba 110 ni kilo 1,060. Namba 120 ni kilo 1,400. Sasa piga hesabu. Magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia ni kilo 1,000, na karibu uzito wote hukaa juu ya magurudumu mawili ya nyuma. Ongeza uzito wa gari lenyewe na watu waliokaa juu ya magunia. Tairi la gari la starehe halitaweza, hata kama linaingia vizuri kwenye rimu. Kwa gari la mzigo tafuta herufi LT mbele ya kipimo, au herufi C nyuma yake. Utaona pia 8PR au 10PR. Zamani ilikuwa idadi ya tabaka za nyuzi. Siku hizi ni daraja la nguvu tu, lakini kumi bado ni imara kuliko nane.

Meno je? Ziko namna tatu, na herufi zake huandikwa ubavuni. H/T ni la lami. Meno yake ni madogo na yamekaribiana. M/T ni la matope, lina meno makubwa na nafasi pana. A/T ni la njia mchanganyiko. Vijana wetu hupenda M/T kwa sababu gari huonekana kali. Lakini kwenye lami tairi hilo hunguruma na kulika upesi. Jiulize: gari lenu hukaa katika matope miezi mingapi kwa mwaka? Kama ni miwili, na miezi kumi ni vumbi, kokoto na lami, basi A/T litawafaa na litadumu zaidi.

Matairi ya magari madogo ya starehe mara nyingi yana neno TREADWEAR na namba, kama 200 au 400. Namba ikiwa kubwa, meno yanatarajiwa kudumu zaidi. Ni kipimo cha Marekani, na mtengenezaji mwenyewe ndiye anayejiwekea namba. Basi itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja tu.

Bei inatisha, najua. Tuseme tairi la mtumba ni shilingi 150,000, likaenda kilomita 12,000 likaisha. Kila kilomita imegharimu shilingi 12 na senti 50. Tuseme jipya ni shilingi 500,000, likaenda kilomita 50,000. Kila kilomita ni shilingi 10. Hizi ni namba za mfano, weka za dukani kwenu. Kikundi kisichoweza kununua manne kwa pamoja kinunue mawili mawili, yafungwe katika ekseli moja. Wazee bado wanauliza tairi la Arusha, lakini kile kiwanda kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2009. Yaliyopo madukani sasa yanatoka nchi nyingi, na jina zuri halifuti tarehe mbaya.

Hata tairi jipya litakufa mapema kwa kukosa upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila likizunguka, likapata joto, na joto ndilo hulipasua. Pima kwa geji asubuhi, kabla gari halijatembea, walau mara moja kwa wiki. Pima na spea. Kiasi cha upepo ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya mlangoni. Wengi hukosea, wakafuata namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi. Hiyo ni mpaka wa mwisho, usivukwe.

Ukitaka kujua tairi linaugua nini, tazama lilivyolika. Limelika katikati, upepo umezidi. Limelika kingo zote mbili, upepo umepungua. Limelika upande mmoja tu, magurudumu hayakunyooka, lipeleke gari likapimwe. Na ndani ya mifereji ya meno kuna vinundu vidogo vya kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, bakisheni la kukatia katambuga. Kwa njia ya matope msingoje mpaka hapo.

Mwaka uliofuata kikundi chetu kilinunua matairi mapya. Safari hii dereva hakwenda peke yake. Alikwenda na katibu, mama mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani, akiwa ameandika kipimo, namba ya mzigo na mwaka kwenye karatasi ya daftari. Muuzaji alitoa tairi la kwanza, akasema, "Mama, hili ni jipya kabisa." Mama akainama, akafuta vumbi kwa kidole, akasoma polepole: 3115. Akalirudisha. La pili lilikuwa la mwaka mzuri, lakini namba ya mzigo ilikuwa ndogo. Saa nzima ilipita, dereva ananong'ona kwamba wanachelewa. Mwishowe yakapatikana manne ya A/T, ya mwaka uliotangulia. Mama akadai na la tano, la spea. Akaandika tarakimu za kila tairi nyuma ya risiti, na risiti hiyo iko ofisini mpaka leo.