Malkia Elizabeth na Jamaa Zake

Vijana wengi wa zama hizi hawajui ya kuwa Tanganyika iliwahi kuwa na malkia. Tangu uhuru, 9 Desemba 1961, hata ilipotangazwa Jamhuri 9 Desemba 1962, mkuu wa dola yetu alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, naye Sir Richard Turnbull akimwakilisha Dar es Salaam. Kwenye sherehe za uhuru alimtuma mumewe, Philip. Hata leo baadhi ya wazee wa Dodoma wanazo senti hamsini za Afrika Mashariki zenye sura yake, na vijana wa darasani kwangu walipoonyeshwa moja waliuliza: "Huyu bibi ni nani?"

Alizaliwa London 21 Aprili 1926, wala hakutazamiwa kutawala. Mrithi alikuwa baba yake mkubwa, Edward. Lakini huyo, baada ya kushika ufalme, aliuacha Desemba 1936 ili amwoe mwanamke mtalaka, na kiti kikamwangukia mdogo wake, George wa Sita, ambaye hakujaaliwa mtoto wa kiume, ila mabinti wawili, Elizabeth na Margaret.

Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952 Elizabeth na mumewe walilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri, Kenya, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huohuo baba yake alifariki usingizini. Habari zilimfikia Sagana mchana wake, na mwenye kumwambia alikuwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alipotawazwa, 2 Juni 1953, miongoni mwa wageni alikuwamo Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Unguja.

Ama jambo linalostahili kuzungumzwa majumbani ni hili. Novemba 1953 alianza safari ya karibu miezi sita, akawaacha Charles, mwenye miaka 5, na Anne, mwenye miaka 3. Mwisho wa Aprili 1954 alikuwa Jinja, Uganda, akifungua bwawa la umeme la Owen Falls. Ndipo watoto wakapelekwa kwa meli hadi Tobruk, Libya, kukutana na wazazi wao. Wako wanaomlaumu kwa hayo. Mimi nauliza: akina baba wangapi wa huku kwetu waliondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakarudi watoto hawawajui, na hakuna aliyewalaumu?

Baadaye walizaliwa Andrew, 1960, na Edward, 1964. Yeye na Philip walidumu katika ndoa miaka 73, hata mume alipofariki Aprili 2021. Lakini mwaka 1992 pekee ndoa za watoto wake watatu zilivunjika au wenyewe wakatengana. Enzi haikumsaidia kitu hapo.

Tanzania aliizuru Julai 1979, akapokewa na Mwalimu Nyerere. Alifariki 8 Septemba 2022, akiwa ametawala miaka 70. Charles alirithi akiwa na miaka 73, naye alikwisha kufika kwetu Novemba 2011.