Mkate Wako Una Gramu Ngapi, na Ni wa Lini?

Katika mji mdogo wa Maganzo, wilayani Kishapu, hakuna anayehitaji kufundishwa thamani ya uzito. Mji huu uko kando ya barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, jirani na mgodi wa Mwadui, na biashara ya almasi imewazoesha watu kuhesabu kwa karati, ambayo ni sawa na gramu 0.2. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo baadaye alizawadiwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa, yaani gramu 10.9. Kipande kimoja cha mkate ni kizito kuliko jiwe hilo. Hata hivyo, mtu ambaye hawezi kuuza kijiwe bila kukiona kwenye mizani hununua mkate kila asubuhi kwa kuutazama na kuubonyeza tu.

Jicho na kidole ni vipimo vinavyodanganya. Mkate huumuka kwa hewa, na hewa haina lishe. Madonge mawili yenye uzito mmoja yanaweza kutoa mkate mmoja mnene na mwingine mfupi, kutegemea hamira, aina ya unga na muda wa kuumua. Kwa hiyo mkate mkubwa si lazima uwe mkate mzito. Kinachomfunga mtengenezaji ni uzito halisi ulioandikwa kwenye mfuko, nao ni uzito wa mkate wenyewe bila mfuko.

Tuchukue mkate ulioandikwa gramu 400 ambao kwa kweli una gramu 360. Pengo la gramu 40 halionekani kwa macho. Lakini familia inayokula mkate mmoja kwa siku hupoteza gramu 1,200 kwa mwezi, sawa na mikate mitatu iliyolipiwa na isiyoliwa. Bei haikupanda, na ndiyo sababu hakuna aliyelalamika. Katika Uingereza ya karne ya 13, sheria iliruhusu uzito wa mkate ubadilike kufuata bei ya ngano huku bei ya mkate ikibaki ileile. Ila hilo lilifanyika kwa viwango vilivyotangazwa. Kupunguza uzito huku maandishi ya mfukoni yakibaki yaleyale ni jambo jingine kabisa.

Nyumba nyingi hazina mizani, lakini mizani ya ulinganifu hutengenezwa kwa dakika chache. Chukua fimbo nyembamba iliyonyooka, au hanga ya nguo, uining'inize kwa uzi katikati hadi isimame sawa. Tundika kila upande mfuko mwepesi wa aina moja. Upande mmoja weka mkate uliotolewa kwenye mfuko wake. Upande wa pili mimina maji yaliyopimwa kwa chupa yenye alama za mililita, kama ile ya kunyonyeshea mtoto. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, hivyo mkate wa gramu 400 unapaswa kulingana na mililita 400. Upande wa maji ukishuka, punguza maji kidogo kidogo hadi fimbo isimame sawa, kisha pima kilichobaki.

Mizani hii itaonyesha pengo la gramu 40 bila shida. Pengo la gramu tano haitaliona, wala haifai kutumika kumshtaki mtu. Tena, haki inamtaka mlaji naye awe na subira. Mkate hupoteza maji unapookwa na unapopoa, na mwokaji hawezi kupata gramu zilezile kila mara. Mapendekezo ya shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, kwa bidhaa zilizofungashwa za gramu 300 hadi 500, yanavumilia upungufu wa asilimia 3 kwa pakiti moja, yaani gramu 12 kwa mkate wa gramu 400, kwa sharti kwamba wastani wa shehena nzima usipungue uzito ulioandikwa. Hivyo pima mikate kadhaa kwa siku tofauti. Ikiwa yote inapungua, hapo una hoja.

Kuhusu ubichi wa mkate, kosa kubwa ni kudhani kwamba ulaini ni usalama na ugumu ni uharibifu. Mkate uliolala hukakamaa kwa sababu wanga wake hujipanga upya baada ya kupoa, haujaoza. Ukipashwa moto hulainika tena kwa muda, na unafaa kuliwa na chai kama kawaida. Badiliko hilo huenda haraka zaidi kwenye baridi ya jokofu kuliko juu ya meza, ingawa jokofu huchelewesha ukungu. Mwenye friza agandishe mkate. Asiye nayo anunue wa kumtosha siku moja au mbili.

Hatari huja kwa njia nyingine, na mkate laini sana unaweza kuibeba. Kabla ya kulipa, geuza mfuko uangalie chini na pembeni. Matone ya maji ndani yake huashiria mkate uliofungwa kabla haujapoa, na unyevu huo hukaribisha ukungu. Madoa ya kijani, meusi au meupe yenye manyoya yakionekana, tupa mkate wote. Kukata sehemu yenye doa na kula iliyobaki ni desturi iliyoenea, lakini mizizi ya ukungu hupenya ndani ya mkate bila kuonekana. Usiunuse kwa karibu pia, maana mbegu zake huruka.

Kuna uharibifu mwingine usiofahamika sana, ambao hupenda joto kama la Shinyanga. Mbegu za bakteria fulani waliomo kwenye unga hustahimili tanuri, kisha huamka mkate ukikaa mahali pa joto na unyevu. Ganda la nje hubaki zuri, lakini ndani mkate hunata, hutoa harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, na ukiuvuta hutoa nyuzi kama utando wa buibui. Mkate huo usiliwe, wala usipewe kuku.

Tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi zisomeke wazi. Tarehe iliyofutika au kubandikwa juu ya nyingine inatosha kuukataa mkate.

Ukishuku uzito, mwombe muuzaji aupime mbele yako kwa mizani yenye stika ya uhakiki ya mwaka huu. Asipokubali, au upungufu ukithibitika, malalamiko hupelekwa ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Ubora na usalama wa mkate, tangu mwaka 2019, ni jukumu la Shirika la Viwango Tanzania. Kwa vyovyote, nenda na mfuko wake, risiti, na tarehe na saa ya kununua uliyoiandika kwa kalamu; na kama lalamiko ni la uzito, usiukate mkate kabla haujapimwa.