Twajuaje Kwamba Dawa ya Sukari Inafaa?

Wagonjwa wa sukari hutuuliza: «Mganga, mwajuaje kwamba kidonge hiki chafaa kuliko maji ya mizizi?» Swali hili ni jema.

Tuseme mama mmoja wa Luena ameanza kunywa mizizi. Mwezi ule ule ameacha chai yenye sukari, tena analima shamba kila siku. Akipimwa, sukari imeshuka. Kitu gani kimeishusha? Yeye atashuhudia mizizi, wala hasemi uongo. Lakini hatuwezi kujua, maana hatuna watu wa kulinganisha naye.

Danieli alilifahamu neno hili. Aliomba yeye na wenzake watatu wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana waliokula chakula cha mfalme. Mungu aliwabariki. Lakini kwa vidonge, watu wanne na siku kumi hazitoshi.

Waganga hugawanya wagonjwa kwa kura, kama vile kura ilivyomwangukia Mathiya. Kwa nini? Mganga akichagua mwenyewe, pengine huruma yake itawapa dawa mpya wale walio dhaifu, na hesabu itapotoka. Kundi moja hupata dawa. La pili hupata dawa ya zamani, au kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Ni vizuri zaidi mgonjwa na mganga wote wasijue nani amepata nini. Kila mtu aelezwe kwanza, naye akubali. Katika nchi yetu vilevile, huko Beni na Butembo, wagonjwa 681 wa Ebola waligawanywa kwa kura kati ya dawa nne mwaka 2018 na 2019; mbili zikaonekana kuokoa wengi zaidi.

Sasa sikilizeni habari ya Marekani. Jaribio moja la sukari lilianza kupokea wagonjwa mwaka 1961. Watu 204 walipewa tolbutamidi, dawa iliyojulikana kwa kushusha sukari, na 205 walipewa kidonge kitupu. Baada ya miaka wakahesabu waliokufa kwa moyo na mishipa ya damu: 26 upande wa dawa, 10 upande wa kidonge kitupu! Mwaka 1969 dawa ile iliondolewa katika jaribio. Kumbe sukari kushuka ni neno moja, na kuishi ni neno lingine.

Wataalamu walibishana sana, kwa maana watu wakiwa wachache, kura yaweza kuweka wenye moyo mgonjwa wengi upande mmoja. Wakiwa wengi, husawazisha. Basi Uingereza, tangu 1977 hata 1997, wakafuata wagonjwa 5,102. Vidonge vya jamaa ya tolbutamidi havikuonekana kuongeza vifo vya moyo. Na kati ya wagonjwa wanene 342 waliopewa metformini, walikufa 50. Kati ya 411 walioongozwa hasa kwa chakula, walikufa 89. Kwa kila mia, ni 15 na 22. Ndiyo sababu wengi wenu mnapewa metformini.

Angalieni, walikufa watu pande zote mbili. Muuzaji wa sokoni asemaye dawa yake huponya wote, muulizeni wangapi walikunywa, wangapi hawakunywa, na wangapi wa kila upande wangali hai.

Insulini ni neno lingine. Mgonjwa asiyeweza kuishi bila sindano hiyo hapigiwi kura ya kidonge kitupu, wala asiiache hata siku moja.