Gari la Parokia Lagonga: Tazameni Kwanza Mipira ya Bodi



Huenda nyumbani kwenu hakuna motokaa. Hata hivyo ni jumuiya chache zisizowahi kutoa mchango kwa ajili ya gari: la parokia, la ushirika, au pikapu ya jirani inayowakimbiza wagonjwa hospitali. Kwa hiyo habari hizi za nati na mipira si za mafundi peke yao. Ni fedha yetu, na kama mtakavyoona, yaweza kuwa ni heshima ya mtu pia.

Pikapu ya parokia yetu imekwisha kula chumvi nyingi. Jumapili humpeleka Padri vigangoni, Jumatatu hubeba saruji, na usiku wa manane huitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu. Barabara yetu ni ya udongo, na wakati wa kiangazi hujikunja kama bati la nyumba. Basi katika kiangazi cha mwaka 2023 gari hilo likaanza kugonga. Kila likishuka shimoni, ngo! Likikata kona hulia nyi-nyi-nyi kama kitanda cha kamba. Watu wa vigango walilisikia kabla hawajaliona, na watoto wakalipa jina, wakaliita Kengele.

Halmashauri ya Walei ikaketi. Mzee mmoja akasema, "Kijana huyu anakwenda mbio, ameua shokapu." Mwingine akaongeza kwamba labda hubeba mizigo ya watu usiku bila ruhusa. Mimi ndiye mwandishi wa mikutano, nami nikaandika katika daftari kwa mkono wangu: "Dereva ameonywa kwa kuharibu gari." Yeye alikuwapo, amesimama karibu na mlango. Ni baba wa watoto watatu. Alisema tu, "Sawa, wazee wangu," akatia sahihi.

Kisha tukalipeleka gari gereji mjini, tukanunua shokapu nne mpya kwa fedha ya mavuno. Lilirudi jioni. Kabla halijafika kwenye mti wa kengele ya kanisa likakanyaga shimo la kwanza. Ngo!

Hapo ndipo Padri aliponiambia niende na dereva kwa mzee mmoja wa kigango cha jirani, fundi aliyetengeneza malori miaka mingi na sasa anafuga mbuzi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Karani. Ndiyo mmeniletea kengele yenu?"

Nilidhani atalala chini ya gari mara moja. La, hakugusa hata spana. Alimgeukia dereva, akamwuliza: "Mwanangu, hugonga likipita shimoni tu, ama hata ukiondoka?"

"Hata nikiondoka, Mzee, na nikikanyaga breki pia. Halafu mlango wa kushoto siku hizi haufungi mpaka niuinue."

"Mbona hukuwaambia wakubwa wako?"

"Hakuna aliyeniuliza, Mzee."

Nilitazama chini. Yafaa nikiri hivyo.

Sasa niwaeleze kama alivyonieleza mimi. Pikapu nyingi, kwa mfano Toyota Hilux na Land Cruiser, si chombo cha kipande kimoja. Chini kuna chasisi, yaani miti miwili ya chuma kizito inayokwenda toka mbele hata nyuma, ikiunganishwa kwa vyuma vya kukingama. Chasisi ndiyo inayobeba injini, springi na magurudumu. Juu yake hukalishwa bodi, yaani kile chumba tunamoketi. Lakini chuma hakikalishwi juu ya chuma. Katikati huwekwa mipira minene, mafundi huiita bushi za bodi, na kila mahali bolti ndefu hupita katikati ya mpira kuifunga bodi isiruke.

Mahali pamoja huwa na mipira miwili. Wa juu hubeba uzito wa bodi. Wa chini huizuia bodi isinyanyuke gari linaporuka. Ndani yake hupita bomba fupi la chuma, na chini hufungwa washa pana. Bomba hilo dogo lina kazi kubwa: unapokaza bolti, katika magari mengi bomba ndilo linaloamua mpira ubanwe kiasi gani. Fundi akilisahau, mpira huminywa kupita kiasi na kupasuka upesi. Gari letu lina mahali sita pa namna hiyo. Mengine yana pungufu, mengine zaidi.

Mpira nao huzeeka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huwa imara, haulegei kwa joto wala haukatiki kwa baridi, na mwaka 1844 akapata hataza ya ujuzi huo. Lakini hata mpira uliopikwa hivyo huliwa polepole na hewa, joto na uzito. Huwa mgumu, hupasuka nyufa, hujikunyata. Nafasi ikipatikana, bodi huanza kucheza. Chuma kikikutana na chuma, ndiyo ile ngo! Mpira mkavu ukisuguana na chuma, ndiyo ile nyi-nyi-nyi. Na bodi ikilala upande, mlango haukutani tena vizuri na kufuli yake. Shokapu ziliingia wapi hapo? Hazikuingia kabisa.

Namna ya kupima ni rahisi, na haidai mashine. Gari lisimame mahali tambarare, injini imezimwa, magurudumu yamewekewa mawe. Tazama kwanza kwa macho: mpira uliopasuka au uliotokeza nje kama ulimi hujionyesha wenyewe. Angalia na ule mwanya kati ya kebini na sehemu ya mzigo. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, bodi imekaa vibaya. Kisha mtu mmoja aingize mtaimbo kati ya chasisi na bodi, karibu na mpira, ainue kidogo kidogo, na mwingine atazame kwa tochi. Bodi ikipanda na kushuka ovyo, umempata mwizi. Kwa mlio wa kukwaruza, mwagia maji mpira mmoja, kisha tikisa gari. Mlio ukinyamaza, ni huo. Mzee alifanya hivyo kwa kopo la maji ya mbuzi wake. Mipira minne kati ya sita ilikuwa imekwisha, na wa nyuma kushoto haukuwapo kabisa, ilibaki washa tu yenye kutu.

Hapa niseme neno juu ya oili chafu. Wengi wetu tukisikia mlio tunapaka oili iliyomwagwa kutoka injini. Mlio hunyamaza siku mbili, nasi twajiona mafundi. Kumbe oili huuvimbisha mpira wa asili na kuulegeza, na ukilegea hufa kabla ya siku zake. Kama ni lazima kulainisha wakati wa kuingiza mpira mpya, maji ya sabuni yatosha.

Tulipotafuta mipira mipya tulikuta ya namna tatu. Ya kwanza ni ya mpira wa kawaida, kama ile ya kiwandani. Ya pili ni ya poliyurethani, ambayo ni migumu zaidi, hudumu, na haiogopi oili. Lakini hupitisha mtikiso mwingi, na isipopakwa grisi yake hulia. Ya tatu ni vipande vilivyochongwa kutoka tairi kuukuu. Juu ya hivi Mzee alicheka. Alisema vitakufikisha nyumbani ukiharibikiwa njiani, lakini unene wake haulingani, na bodi itakaa kama meza yenye mguu mfupi. Tukachukua ya mpira wa kawaida, ya mahali pote sita, maana mpira mpya ukikaa jirani na uliochoka hubeba uzito peke yake. Bei ya yote haikufika nusu ya zile shokapu.

Kazi yenyewe ilichukua siku nzima, na nusu yake iliishia kwenye bolti moja. Jioni ya kuamkia siku hiyo dereva alikwisha zipaka zote mafuta ya kulegeza kutu. Tano zilitii. Ya sita ilizunguka tu na nati yake, kwa kuwa nati hiyo imefungiwa ndani ya sakafu ya bodi na kizuizi chake kilikwisha liwa na kutu. Tuliinua zulia, tukakata sakafu kidogo kwa msumeno wa umeme, tukaishika nati kwa koleo. Ikiwa fundi wako atakuambia kazi hii ni ya saa moja, mwulize kama amekwisha kuziona bolti zenyewe.

Bodi haifunguliwi yote kwa mara moja. Tulitoa bolti za upande wa kulia, na za kushoto tukazilegeza tu bila kuzitoa, ili bodi isiteleze. Jeki ikawekwa chini ya mhimili imara wa bodi, si chini ya bati jembamba, na juu ya jeki kipande kipana cha ubao. Kisha ikapandishwa sentimita chache tu, kiasi cha mpira kupita. Mzee alitugawia kazi kama mwalimu wa darasa. Mimi nilishika tochi nitazame mhimili wa usukani na mabomba ya breki. Dereva alikuwa mbele, atazame feni isiguse rejeta wala kasha lake. Kijana wa tatu aliangalia gia, waya ya breki ya mkono, nyaya za betri na mpira wa kujazia mafuta. Vyote hivyo hutoka kwenye chasisi kwenda kwenye bodi, na ukiinua bila kuangalia utavuta kimoja mpaka kikatike. Nilipiga kelele mara moja, bomba la breki lilipokaza, tukashusha na kulifungua kibanio chake.

Kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono, Mzee aliweka magogo mawili kati ya chasisi na bodi. Jeki huteleza, na bodi ikishuka sentimita tatu tu yatosha kuondoa vidole vya mtu. Tulikwangua kutu, tukachunguza kama chuma kinachokalia mpira bado ni kizima; kikiwa kimeoza, mpira mpya hausaidii, lazima kichomelewe kwanza, betri ikiwa imefunguliwa. Mipira yote ilipokaa tukaingiza bolti kwa vidole, kisha tukazikaza kwa zamu, kidogo kidogo, na mwisho kwa spana ile ya kupimia nguvu tuliyoazima mjini, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Sitaki mtu aelewe kwamba kila mgongo wa chuma ni mipira ya bodi. Tairi la akiba likilegea huko chini hugonga vilevile, na hilo ni jambo dogo. Lakini viungo vya usukani na vya magurudumu ya mbele vikichakaa navyo hugonga, na vikiachia njiani gari haliongozeki tena. Ndiyo sababu Mzee alivishika vyote kwa mkono, kimoja kimoja, kabla ya kutaja mipira.

Baada ya mwezi tulizirudia bolti, tukakuta mbili zimelegea robo mzunguko.

Daftari la mikutano halifutwi. Kwa hiyo katika kikao kilichofuata niliomba nafasi, nikaandika chini ya maneno yangu ya kwanza: "Dereva hakuwa na kosa. Gari lilihitaji mipira ya bodi." Padri akaniagiza nisome kwa sauti, nikasoma. Yule mzee aliyesema habari za shokapu alisimama, akampa dereva mkono. Dereva alishukuru, kisha akauliza kama sasa aweza kupewa fedha ya tairi la akiba, maana la zamani lina kipara.

Watoto wangali wanaliita Kengele. Lakini Jumapili ya kwanza baada ya kazi ile, bibi mmoja wa kigango cha mbali, ambaye huja barabarani kusubiri kuchukuliwa, alikosa Misa. Alikuwa amekaa nyumbani akisubiri kulisikia.