JEMBE WAMEPEWA, PA KULALA WAMENYIMWA

Katika mji wa Mountain View, jimbo la California, Marekani, ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya Google. Utajiri wa huko hausemeki. Lakini kando ya barabara za mji huo huo kwa miaka mingi yameegeshwa magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Magari hayo yaliundwa kwa watu wa matembezi. Leo wengi walalao humo si watalii, bali ni wafanyakazi na wazee ambao mshahara au pensheni yao haifikii kodi ya nyumba.

Mwaka 2019 Baraza la Mji lilipitisha sheria ya kuyazuia. Wapinzani wakakusanya sahihi, shauri likapelekwa kwa wapiga kura, na Novemba 2020 wengi wakaikubali. Sheria yenyewe haitamki neno maskini. Yataja futi tu: gari lililozidi urefu wa futi 22, au upana au kimo cha futi 7, lisiegeshwe katika barabara yenye upana wa futi 40 au pungufu. Sheria ya pili ikazifunga barabara zenye njia ya baiskeli. Hakuna aliyefukuzwa kwa jina lake. Wamefukuzwa kwa utepe wa kupimia.

Hatuwadharau wenyeji waliolalamika. Maji machafu yakimwagwa barabarani yana hatari kwa watoto wote, na wa kwanza ni wale waishio ndani ya magari. Gari kubwa karibu na njia panda humziba dereva asione. Hayo ni kweli. Lakini twauliza: waende wapi? Viwanja vya kambi katika hifadhi za jimbo vimewekewa kikomo cha siku, na vile vya watu binafsi hutoza bei ya watalii. Mji umetenga viwanja vichache ambamo mtu aweza kulala garini kwa usalama. Twaupongeza kwa hilo, ila nafasi hazilingani na watu.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko mtu amekwisha kulishika jembe. Anachonyimwa ni mahali pa kulaza ubavu baada ya kulima.

Mwaka 2021 baadhi ya wakazi wa magari hayo, wakisaidiwa na mawakili wa haki za raia, waliushtaki mji. Mwaka 2022 pande mbili zikapatana: mji uache wazi angalau maili 3 za barabara kwa magari hayo. Maili 3 zilipatikana kwa mahakama, si kwa huruma.

Na upepo wa mahakama umegeuka. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua katika kesi ya mji wa Grants Pass kwamba kumwadhibu alalaye nje si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba. Julai 2025 San Francisco nayo ikapitisha kikomo cha saa 2 kwa magari makubwa mji mzima, ikiwapa vibali vya muda baadhi ya waliokuwa wamekwisha kuhesabiwa.

Saa 2 hazimtoshi mtu aliyetoka zamu ya usiku. Mabaraza hayo yangeanza kwa kuchimba shimo la maji machafu, kuweka bomba na taa katika kiwanja kimoja kikubwa, ndipo yasimike vibao vya kukataza.