Kisiwa cha mwamba mtupu kilichogawanywa na korongo

KISIWA cha Hans ni mwamba mtupu wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 1.3. Hakina mkazi, mti wala bandari. Hata hivyo, kwa karibu nusu karne Kanada na Denmark, nchi mbili zilizo marafiki wa chanda na pete, zilikizozania, kila moja ikishikilia kuwa ni chake.

Kisiwa hicho kimo katika mlango wa bahari wa Nares, kati ya kisiwa cha Ellesmere cha Kanada na Greenland, ambayo ni sehemu ya ufalme wa Denmark. Kutoka hapo hadi Ncha ya Kaskazini ni takriban kilomita 1,000. Wakati wa majira ya baridi jua halichomozi kwa karibu miezi minne. Mkondo wa bahari nao husukuma mapande makubwa ya barafu kuelekea kusini, yakajigonga kwenye majabali yake yanayofikia kimo cha mita 170 hivi. Mapema katika miaka ya 1980, watafiti wa kampuni moja ya mafuta ya Kanada walikitumia kisiwa hicho kupima nguvu ya migongano hiyo.

Mlango huo wa bahari una upana wa takriban kilomita 35 mahali hapo, na kisiwa kimekaa katikati kana kwamba kiliwekwa kwa rula. Wengi hudai mzozo ulizuka kwa sababu kila nchi ina haki ya maili 12 za baharini, yaani kilomita 22, kutoka pwani yake. Maelezo hayo ni nusu tu ya ukweli. Sheria ya bahari hugawanya maji na sakafu yake. Haiamui nchi kavu ni ya nani. Ndiyo maana mnamo 1973, Kanada na Denmark zilipochora mpaka wa sakafu ya bahari, mstari ulikomea kwenye ufuo wa kusini wa kisiwa na kuanza tena upande wa kaskazini. Pengo la mita 875 likaachwa wazi.

Mnamo 1984, waziri wa Denmark aliyesimamia masuala ya Greenland, Tom Høyem, alitua huko akasimika bendera na kuacha chupa ya kileo. Wakanada nao wakajibu kwa bendera na wiski yao. Vyombo vya habari vilifurahia mchezo huo, lakini mwaka wa 2005 ziara ya waziri wa ulinzi wa Kanada, Bill Graham, iliikasirisha Denmark, na ikabidi pande hizo zirejee mezani.

Suluhu ilipatikana Juni 14, 2022, jijini Ottawa. Mpaka ulipitishwa kwenye korongo la asili linalokikata kisiwa kutoka kaskazini hadi kusini, na Denmark ikapata sehemu kubwa kidogo. Kanada, ambayo mpaka wake wa nchi kavu ulikuwa na Marekani pekee, ikapata jirani wa pili.

Waliokijua kisiwa hicho kabla ya mabalozi wote ni Wainuiti, wanaokiita Tartupaluk kwa kuwa umbo lake ni kama figo. Hata jina Hans linatokana na Hans Hendrik, mzaliwa wa Greenland aliyewaongoza wavumbuzi wa Marekani na Uingereza katika safari kadhaa kati ya 1853 na 1876. Wawindaji wa Avanersuaq, kaskazini-magharibi mwa Greenland, wamekuwa wakifika huko kwa vizazi vingi wakisaka dubu weupe. Kwao, mpaka wenye vizuizi ungekuwa msiba. Kwa hivyo mkataba wa 2022 unawahakikishia wao, pamoja na Wainuiti wa Nunavut nchini Kanada, uhuru wa kutembea, kuwinda na kuvua kote kisiwani, upande huu na ule wa korongo.